Mlima Uliochimbwa na Kimondo

Shimo ni kitu, au ni mahali kitu kilipokosekana? Naomba nijibiwe leo, maana nimechoka kujiuliza peke yangu. Mwambie mtu akuletee shimo, atakuletea jembe. Mwambie aliondoe, atakuletea udongo. Haliuziki, halibebeki, halina mwenyewe, na bado ukilitumbukia litakuvunja mguu bila kukuomba radhi. Kwa hiyo lipo. Nasema lipo, na anayebisha aje achungulie. Kama sauti yangu ina ukali, nisamehewe: nimetumia umri wangu kuwaonyesha watu mashimo, na kila ninapowaonyesha wananishukuru kwa mlima mzuri.

Kazi yangu ni kusoma picha. Kuna chombo huko juu, kilirushwa na nani hakuna anayekumbuka, kinaizunguka ile ardhi nyingine, ile kavu tunayoiona mchana ikining'inia juu ya mapaa yetu. Chombo kina kamera moja. Kamera haina njaa, haina mkubwa wa kumridhisha. Inafumbua na kufumba, na picha zinashuka mpaka kwenye Ukumbi wetu, ambako huchapwa kwenye karatasi pana kama mashuka na kutundikwa ukutani. Mimi nasimama mbele yake na kusoma kasoko, yaani yale mashimo ya mviringo ambayo vimondo huyaacha vinapoipiga ardhi. Elimu yenyewe si kubwa. Ardhi yenye kasoko nyingi ni kongwe, imekaa sana chini ya mbingu na imepigwa sana. Kasoko inayoikata nyingine ndiyo iliyokuja baadaye. Ardhi laini ni changa, au kuna kitu kimepita juu yake kikaifuta. Hakuna namna ya tatu.

Nchi yetu ni laini. Barabara zetu hazina shimo hata moja. Likitokea hufukiwa kabla watu hawajafungua milango, na ukiuliza lilikuwa wapi unaulizwa wewe ulikuwa wapi. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ni usafi. Sasa jicho langu limeshaharibika, haliwezi kupita kwenye uso wowote bila kuuliza umri wake, na nikitembea mjini napandwa na hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Tunaambiwa sote tulizaliwa siku Mkaajuu, mtawala wetu, alipokalia Kiti. Nina mvi, lakini naambiwa hivyo. Jana ilikuwa Ijumaa, na leo pia ni Ijumaa, na ukiuliza Alhamisi ilikwenda wapi watu wanakutazama kwa huruma.

Mlinzi wa lango la Ukumbi huniita Mshamu. Mimi siye Mshamu. Mshamu ni mtu aliyeifanya kazi hii kabla yangu, au atakayeifanya baadaye, nimesahau, na mlinzi naye hajali. Zamani nilikuwa nikimsahihisha. Siku hizi naitika, na kila ninapoitika nahisi kuna mtu mahali fulani amegeuka kutazama nani kamwita. Pengine ni yeye. Pengine ni mimi niliyekuwa kabla sijachoka.

Sasa niieleze sheria, kwa sababu ugomvi wote umetoka hapo. Mkaajuu, aketiye nyuma ya pazia mwisho wa Ukumbi, ana jina la sifa: Jua Pekee. Kwa heshima ya jina hilo, ndani ya Ukumbi ni marufuku kuchora wala kutundika jua jingine. Hilo peke yake lisingenisumbua, kila nchi ina wazimu wake. Lakini kila picha inayoshuka kutoka kwenye chombo huja na alama ndogo pembeni, kiduara chenye mshale, kinachosema: kamera ilipofumbua, jua lilikuwa upande huu. Bila alama hiyo msomaji wa kasoko anapapasa tu. Na kazi ya kuikata alama hiyo kabla picha haijatundikwa ni ya Bwana Khatibu, msimamizi wa Ukumbi, ambaye huvaa mkasi shingoni kwa utepe wa kijani. Ni mtu mwema kabisa, jambo linaloniudhi zaidi. Adui mbaya unamchukia ukalala. Huyu hukuuliza hali ya mkeo huku anakukata mkono.

Kwa nini alama? Kwa sababu jicho la binadamu limelelewa chini ya jua la utosini, na halijawahi kufikiri kwamba mwanga unaweza kutoka kwingine. Lipe picha ambayo mwanga wake umetokea chini, halitakuuliza kitu. Litapindua kila kilichomo na kukuletea upuuzi kwa uhakika mkubwa. Ukuta wa shimo unaopokea jua litauona bega la kilima. Ukuta uliomo kivulini litauona mgongo wake. Shimo linavimba. Linapanda mbele yako, linakuwa mlima, na hata ukiujua ukweli huwezi kulishusha kwa nguvu za akili, mpaka uigeuze picha, miguu ikae juu na kichwa chini. Dawa ni hiyo tu. Na Ukumbini picha haigeuzwi. Ikishaonyeshwa kwa Mkaajuu namna moja, namna hiyo ndiyo yake milele, kwa sababu kuigeuza ni kusema aliona vibaya.

Siku hiyo, Ijumaa, ilishuka picha ya kasoko kubwa kuliko zote nilizopata kuona. Nilikuwapo ilipochapwa. Niliiona alama kwa macho yangu: mshale ulitokea chini. Kisha Khatibu akaja na mkasi wake, kra, alama ikaangukia kwenye kapu, picha ikatundikwa, pazia likafunguka kidogo na kufungwa, na Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mbele yetu palisimama mlima mpana, kilele chake tambarare, mzuri wa kujengwa mji. Kabla sijafika kwa Khatibu ulikuwa umeshapewa jina, Mlima wa Neema, na imeshaamuliwa kwamba watu wateremshwe kileleni, wafunge sola, waanze maisha kwenye jua tele.

"Bwana Khatibu," nikamwambia, "huu si mlima. Ni kasoko. Jua lilikuwa chini ya picha. Niliiona alama kabla hujaikata."

"Alama ipi?"

"Hiyo iliyomo kapuni mwako."

Akalivuta kapu tukainama wote wawili. Lilijaa majua madogo, mamia, yamelaliana, mishale imeelekea kila upande. Hakuna kipande kilichokumbuka picha yake.

"Ni ipi?" akauliza, kwa upole wa kweli.

"Nitajuaje, na wewe ndiye uliyezikata?"

"Basi ndugu yangu, usipojua tusibishane. Watu wazima wote wameona mlima. Mkaajuu ameona mlima. Wewe peke yako ndiye unayeona shimo. Nyumbani salama? Shemeji hajambo?"

"Igeuze picha, utaliona."

"Hilo sikulisikia," akasema, na akatazama pembeni ili iwe kweli hakulisikia. Alikuwa ananitetea. Ningeweza kumng'ata.

Nikajaribu njia nyingine. Niliwaambia, kama picha haigeuki, basi tugeuke sisi. Nikasimama katikati ya Ukumbi, nikaipa picha mgongo, nikainama na kuchungulia kupitia katikati ya miguu yangu. Na hapo, Mungu ni shahidi, mlima ulizama. Nikaliona shimo limefunguka, kina chake kirefu, kuta zake zimesimama pande zote, chini kabisa kuna weusi ambao jua halijawahi kuugusa. "Njooni mtazame hivi," niliita, kanzu imenifunika uso. Wakacheka mpaka wakakohoa. Wazee wenye vilemba walisema mtu mzima hajidhalilishi namna ile mbele ya Kiti, na kama mlima unahitaji kutazamwa kwa makalio, basi wao wameridhika nao kwa macho.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa maneno yaliyokosa pa kwenda.

Siwatu, mke wangu, alikuwa uani akianika nguo. Yeye ni fundi wa sola, mikono yake ina makovu madogo ya moto wa kuchomea nyaya. Kwetu jua halina adabu, linaweza kuondoka mchana bila kuaga, kwa hiyo tuna desturi yetu wawili: anayeona kivuli kikiupanda ukuta humwambia mwenzake "anua nguo", na mwenzake huinuka bila kuuliza. Tumeishi hivyo tangu tuoane, kama tuliwahi kuoana kabla ya Kiti. Yeye anasema tuliwahi. Anaikumbuka hata Alhamisi.

"Wamenichagua," akasema kabla sijavua viatu. "Naongoza mafundi. Tunateremshwa huko mlimani."

Nilikaa chini. "Siwatu, kule si mlima. Ni shimo. Kuta zinalizuia jua. Paneli zako zitakula nini? Betri zitakufa, nanyi mtaganda."

Nilikuwa na nakala ndogo ya picha kwenye mfuko wa kanzu. Akafuta mikono, akaichukua, akaigeuzageuza kwa vidole vyake kama anayegeuza chapati. "Hivi mlima. Hivi shimo. Mlima. Shimo." Akatabasamu. "Haya mume wangu, kati ya picha na jicho, nani mwongo?"

"Jicho."

"Na hilo umelijua kwa kutumia nini?"

Hilo ndilo swali lililonila miaka yote, na yeye alilifikia akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Ukweli wangu wote nimeupata kupitia mwongo yuleyule. Ninachowazidi wenzangu ni kwamba nilimkamata akidanganya, mara moja, na sijamwamini tena. Je, hiyo ni elimu, au ni kinyongo tu?

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini nikikataa, watasema ni wewe umenikataza, na watakufukia kabla watu hawajafungua milango. Nikienda, huko chini atakuwepo angalau mtu mmoja anayejua yuko chini."

"Na mimi nitajuaje ulichokikuta? Maneno ya kusema utaandikiwa."

"Yao nitayasoma. Langu nitalichomeka."

Nilimkasirikia. Niseme wazi: nilimkasirikia yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa karibu na ndiye pekee aliyeniamini. Nilimwambia ushujaa wa kuingia shimoni kwa macho makavu ni ujinga wenye heshima. Akanijibu kwamba mimi nimekaa shimoni miaka mingi nikiitika jina la Mshamu, na hajawahi kunitukana. Kisha akautazama ukuta. "Anua nguo," akasema. Nikainuka.

Waliondoka Ijumaa.

Mimi na kuta. Mimi na karatasi. Naketi mbele ya picha na kumtafuta mke wangu kwenye mlima usiokuwepo. Nikifumba jicho moja bado ni mlima. Nikifumba yote mawili ni shimo, lakini hapo sioni picha. Nani alisema mwanga unaonyesha? Mwanga unasimulia tu, na kila msimulizi ana upande aliosimama. Anayemiliki upande wa jua hahitaji kudanganya. Atakata alama pembeni, basi, na macho yetu yatamfanyia kazi iliyobaki bure. Hata mimi. Hasa mimi. Kuna nyakati nilimwomba Mungu niwe nimekosea, nikautazama mlima kwa muda mrefu, nikaupenda, nikamjengea Siwatu nyumba kileleni yenye ua mpana. Kisha nikakumbuka mshale. Nikajichukia kwa kuukumbuka.

Je, kimondo kilijua? Kilikuja kutoka mbali, hakina kisa na mtu, kikapiga mara moja kikaisha. Kasoko ndiyo iliyobaki. Pengine sisi sote ni hivyo, umbo la kitu kilichotupiga kikaondoka, na tunapita tukiulizana majina. Pengine hata Kiti. Pengine nyuma ya lile pazia hakuna aliyeketi, pana duara tu.

Siku ya kuteremka, Ukumbi ulijaa. Redio iliwekwa mbele ya pazia. Ilikoroma muda mrefu, kisha sauti ya Siwatu ikatoka, karibu mno, nikasikia hata alivyovuta pumzi.

"Tumefika," alisoma Siwatu. "Tumesimama kwenye kilele cha Mlima wa Neema. Jua Pekee limetutangulia na linatuangazia. Tunashukuru." Nilisikia karatasi ikikunjwa. "Na mwambieni mume wangu aanue nguo."

Ukumbi ukacheka kwa mapenzi. Mwanamke gani huyo, walisema, yuko juu ya mlima wa mbingu na bado anawaza nguo zake uani. Khatibu alinipiga bega, machozi yakimlengalenga. "Una mke wewe," akaniambia. "Nenda, nenda kaanue." Redio ikakoroma tena, ikazima, na wote wakaona ni sawa, maana alikuwa amemaliza.

Mimi peke yangu katika umati ule nilikuwa nimeambiwa habari, na nimeambiwa mbele ya wote. Hakuna jua. Kivuli kimeshapanda ukuta.

Haikupita muda picha ikashuka. Chombo kilikuwa kimepita juu yao na kamera ikafumbua. Khatibu akakata alama, akatundika. Katikati ya kilele kipana kulikuwa na vinukta, watu wetu, wamesimama juu kuliko mtu yeyote aliyepata kusimama. Makofi yaliyopigwa yaliitikisa picha ukutani. Nilimtafuta. Kinukta kimoja kilikuwa kimejitenga na vingine, karibu na ukingo, na niliamua ni yeye, anautafuta ukuta wa kupandia.

Sikufikiri tena. Nilipita katikati ya watu, nikaing'oa picha kwenye misumari, nikaigeuza, miguu juu, kichwa chini, nikaishikilia ukutani kwa mikono miwili na kifua. Shavu langu lilikuwa limeikandamiza karatasi. "Tazameni," nikasema. "Tazameni walipo. Wako chini. Sola hazitafanya kazi, hawana muda. Teremsheni kitu cha kuwatoa."

Nikasikia minong'ono ya nguo. Nilidhani wanasogea kutazama, na moyo wangu ukapanda, nikakaribia kuwapenda wote. Nikageuza kichwa.

Ukumbi mzima ulikuwa umeinama. Wazee wenye vilemba, makarani, mlinzi wa lango, Khatibu na mkasi wake ukining'inia puani: wameipa picha mgongo, wameinama, wanachungulia kupitia katikati ya miguu yao, kwa taabu, kwa uvumilivu, kwa adabu, ili waendelee kuuona mlima.

"Bado upo," akasema mmoja kutoka chini ya kanzu yake.

"Upo," wakaitikia.

Niliiachia picha. Ikaanguka chali sakafuni, ikajikunja yenyewe. Walipoinuka, nyuso nyekundu kwa damu iliyowashukia, hawakunikamata. Wangenikamata kwa kosa gani? Mlima haukudhurika. Khatibu alinifuata mpaka ukutani nilipoegemea, akanipa kikombe cha maji, na akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa kwamba kundi la pili linaandaliwa, kwa kuwa la kwanza limenyamaza kwa raha.

Nilikunywa maji yote. Nilikuwa nimemaliza kubishana. Nililijua hilo kama mtu anavyojua jino limeng'oka. Miaka yote nilitaka walione shimo. Siwatu hakuwahi kutaka hilo. Yeye alitaka tu asiwe peke yake katika kulijua.

"Niandikishe mimi," nikamwambia.

Alinitazama kwanza bila kuelewa, kisha akanikumbatia mbele ya watu. "Nilijua," alisema begani mwangu. "Nilijua macho yako yatafunguka. Sema unachotaka upewe, ndugu yangu. Chochote."

"Kamba."

"Kamba? Ya nini huko juu mlimani?"

"Ya kuanikia nguo."

Akacheka kwa furaha. Habari ikapokelewa na wote, wakacheka nao, wakasema wamefaana hawa wawili. Kamba ikaletwa kutoka ghalani, nene, imezungushwa kwenye gogo lililosukumwa na wanaume, ikaanza kufunguliwa sakafuni. Ilipita mbele ya redio. Ilipita juu ya picha iliyoanguka. Ilifika penye pazia na bado gogo lilikuwa limejaa.

"Inatosha hii?" akauliza Khatibu.

"Mke wangu ana nguo nyingi."

Akaushika mkasi wake, akauliza akate wapi.

"Usikate," nikamwambia.